Mlango wa Upande wa Mama

Hebu nisikilize, wewe mwenye pikapu na mwenye mama asiyekubali kuambiwa apumzike. Nataka nikueleze namna ya kufunga vyuma vya ubavuni kwenye gari. Nitakueleza polepole, kwa sababu nilipoanza kuuliza mimi, kila mtu aliniambia hiyo si kazi ya kunihusu. Inanihusu. Gari ni langu, mawe ni ya kwetu, na aliyekuwa amekaa kiti cha abiria siku ile ni mama yangu mzazi.

Kwanza ujue tunazungumzia kitu gani. Lala chini kando ya pikapu yako utazame. Utaona mihimili miwili ya chuma kizito inayotoka mbele hadi nyuma. Hiyo ndiyo chesisi, uti wa mgongo wa gari, na haivunjiki kirahisi. Sasa tazama chini ya mlango. Pale pana kizingiti cha bati lililokunjwa. Kwa macho kinaonekana kigumu, lakini gari likikikalia juu ya jiwe kinakunjika kama kopo. Chuma cha ubavuni ni bomba nene linalolala chini ya kizingiti, lenye miguu inayoshikwa kwenye chesisi. Gari likiteleza juu ya jiwe, linakaa juu ya bomba, si juu ya kizingiti. Likisukumwa linateleza, linaondoka. Basi. Si pambo, wala si ngazi ya kupandia, ingawa watu wa kwetu wataipandia tu hata ukikataa.

Mimi naishi Muleba. Kazi yangu ni kubeba mizigo ya watu: mahindi kutoka vijiji vya Ngenge, kahawa, miche, mabati ya anayejenga, wakati mwingine kitanda na bibi harusi wake. Mama anaishi Kaagya, kwenye kibanja alikoolewa. Migomba na mibuni imeizunguka nyumba hadi ukifika mgeni huioni. Ukiipita migomba ya jirani wa mwisho, kijiji kinakatika ghafla na unatokea kwenye rweya, uwanda wa nyasi usio na kivuli, udongo mwembamba umelala juu ya mawe. Kibanja ni cha ukoo. Rweya ndiko wanawake walikolima tangu zamani. Wanapanda njugu mawe huko, na huko huko wanakata nyasi za kutandaza chini ya migomba ili ardhi isikauke.

Mama ana kipande chake rweya tangu kabla sijazaliwa. Akizungumzia kibanja husema "shamba la baba yenu". Akizungumzia kile kipande husema "kwangu".

Nyasi hizo amezibeba kichwani maisha yake yote, na shingo ilifika mahali ikakataa. Akawa hawezi kugeuka kumtazama anayemsalimia bila kugeuza mwili mzima. Ndipo nilipoanza kupeleka pikapu rweya. Wanaume wa kijiji walinicheka. Mmoja wa baba zangu wadogo aliniambia, "Gari ni la barabara. Rweya ni ya miguu." Nikamjibu kwa neno letu la heshima, "Ndiyo, waitu, ila hiyo miguu unayoisema si yako." Hakunisalimia kwa muda, na mimi sikumtafuta.

Katikati ya njia ya rweya pana mgongo wa mwamba uliokatiza, na nyasi zimeufunika. Nilikuwa naupita kwa kuinamisha gari upande mmoja, taratibu, tairi moja juu, nyingine chini. Asubuhi moja baada ya mvua tairi iliteleza. Gari likashuka kwa ubavu, upande wa Mama, tukasikia mlio kama wa sufuria linalokanyagwa. Hatukuumia. Lakini kizingiti kilikuwa kimepanda juu na mlango wa Mama ukawa umeshikwa. Nilivuta kwa nje, yeye akasukuma kwa ndani, wanawake wenzake wakaja wakavuta nao. Haukufunguka. Ikabidi avuke juu ya gia atokee mlango wangu, khanga mkononi, mguu mmoja umenasa kwenye usukani, huku wenzake wakicheka hadi wanashika mbavu.

"Nimeingia kama mgeni wa heshima," alisema aliposimama chini, "nimetoka kama kuku kwenye tenga."

Alicheka na yeye. Lakini habari ilimfikia kaka yangu Bukoba mjini kabla sijafika Muleba, na kaka yangu hakucheka.

Alikuja Jumapili baada ya misa, bado amevaa shati lake la kanisani. Alizunguka gari, akainama, akakigusa kizingiti kwa ncha ya kiatu. Mama alikuwa kibarazani anamenya ndizi.

"Mdogo wangu," aliniambia, "siku likilalia ubavu wako pia, Mama atatokea wapi?"

"Halitalala."

"Uliniambia hivyo hivyo kuhusu mvua, kwamba haitakuzuia kupita mwambani." Kisha akamgeukia Mama. "Mama, chumba kipo tayari. Maji yapo, umeme upo. Kile kipande mwachie mtu mwingine. Hili gari halimpeleki tena mama yangu kwenye mawe. Na kwa miguu huwezi, shingo yako unaijua. Kabla ya msimu wa kupanda nakuja kukuchukua."

"Tata," Mama akasema. Ndivyo mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume wanapotaka kuwabembeleza au kuwakanya, na hapo sikujua ni kipi. "Nyumba yako ina geti. Nikitaka kutoka asubuhi nikatazame nyasi zimeamkaje, ufunguo nimwombe nani?"

"Mjini hakuna nyasi za kutazama, Mama."

"Hilo ndilo nililosema."

Kaka si mtu mbaya. Usimchukie kwa ajili yangu. Alikuwa anaogopa, na mtu mkubwa wa familia akiogopa huwa anatoa amri. Mimi nikamwambia nitalitengeneza gari lipite pale mwambani bila mlango kushikwa, na yeye aje aone kwa macho yake. Likishindwa, nitamsaidia mwenyewe kufunga vitu vya Mama. Alikubali upesi. Nafikiri aliona safari ya Mama kuja mjini imeshaanza.

Kwa hiyo ujue, nilipoingia gereji sikuwa natafuta pambo.

Fundi niliyemwendea Bukoba ni mzee wa mjini, babu zake walitoka pwani, na nusu ya mageti na nondo za madirisha ya mtaa wake ameyachomelea yeye. Kizingiti tulikinyoosha kwanza kwa nyundo na kipande cha gogo mpaka mlango ukafunguka. Kisha nikamwonyesha mchoro wangu. Aliutazama, akautazama tena, akacheka.

"Dada, kwa nini bolti? Niachie mashine yangu nichomelee moja kwa moja kwenye chesisi. Kabla ya adhuhuri unaondoka. Bolti ni za mtu asiyejiamini."

"Moto wako uweke kwenye bomba na miguu yake, fundi. Kwenye chesisi usiguse."

"Nimechomelea chesisi za malori."

"Na mangapi yalirudi yakiwa na ufa pembeni ya ulipochomelea?"

Aliita chai.

Nikueleze na wewe, usije ukakubali kwa uchovu. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma pale ulipokaa. Chesisi imetengenezwa ijipinde kidogo na kurudi. Ukiichoma, pembeni ya mshono panakuwa pakavu, hapajipindi tena, na mtikisiko wa barabara zetu utaanzisha ufa hapo. Jambo la pili ni la watu kama sisi wanaokaa mbali na mashine. Siku bomba litapinda, na litapinda, la bolti utalifungua kwa spana chini ya mgomba, utalinyoosha, utalirudisha. La kuchomelea itabidi uburute gari zima mpaka mjini. Hapa kwetu tumezoea kwamba kitu kisichochomelewa hakijafungwa. Hata mlango wa banda la kuku tunaita mwenye mashine. Mazoea hayo yana gharama, na mimi niliyakataa.

Alipomaliza chai, fundi alisema, "Haya. Lakini likianguka usitaje jina langu."

"Sitalitaja," nikamwambia, na unaona sijalitaja.

Kazi ilikwenda hivi. Gari liliegeshwa mahali tambarare, likabaki limesimama kwa tairi zake lenyewe, maana ukipima likiwa juu ya jeki, vipimo vyako vitakudanganya likishuka. Magurudumu tuliyawekea vigingi. Kabla ya kushika drili, nililala chini na tochi nikafuata kwa kidole bomba la breki na nyaya zote zinazopita kwenye chesisi. Ukitoboa bila kutazama, utatoboa breki yako, na hapo hakuna bomba la ubavuni litakalokusaidia. Chesisi nyingi zina matundu yaliyotobolewa kiwandani. Yatafute, yatumie, toboa mapya pale tu unapolazimika.

Kila mguu wa bomba tuliuwekea pleti nene mwishoni, na upande wa pili wa chesisi tukaweka pleti ya kuipokea, ili mbili hizo ziikumbatie chesisi kama viganja. Bolti inapita katikati. Usiweke nati juu ya chesisi peke yake bila pleti na washa, kile kipete cha chuma, kwa sababu uzito wote utakaa kwenye duara dogo na chuma kitabonyea. Matundu mapya tuliyapaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga. Fundi aliona napoteza muda. Nilimwuliza kama mvua ya kwetu inamjua mtu anayeharakisha, akacheka, akanishikia kopo la rangi.

Bomba usilibananishe na kizingiti. Acha nafasi ya kuingia vidole viwili, kwa maana bodi ya gari imekaa juu ya raba na inacheza. Na liinue kidogo kwa nje, kama mkono wa mtu anayepokea kitu. Likikandamizwa na jiwe litapanda kidogo, basi lisikute mlango.

Bolti zote zishike kwa mkono kwanza. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakaza mguu wa mbele kwa nguvu zote, kisha mguu wa nyuma unakataa kuingia kwenye tundu lake, wanaanza kuupiga nyundo na kulaumu aliyepima. Ingiza zote, zikae zikilegea, tazama bomba limelala sawa, ndipo ukaze moja huku, moja kule, ukirudia, mpaka zote zikukatalie.

Tulipomaliza fundi alipanda juu ya bomba akaruka ruka. Ni mtu mnene. Halikutikisika. Alishuka, akapangusa mikono, akasema, "Bolti zimejiamini leo."

Siku ya kaka kuona ilifika, na alikuja na viatu vya ngozi. Nilimfungulia mlango apande katikati, akakataa. Alisema atatembea, aone kila kitu kwa nje. Mama alikaa kiti chake, mlango ule ule, ameshika dumu la juisi ya ndizi aliyokamua kwa ajili ya wakata nyasi. Tulikwenda bila mzigo na mwambani tulipita bila hata kugusa. Kaka alitingisha kichwa.

"Tupu hata baiskeli inapita," alisema. "Nitatazama mtakaporudi."

Wanawake walikuwa wamekwisha kukata. Tukapakia mpaka nyasi zikapanda juu ya kabini. Zilizobaki, sikuona walichokifanya nazo, kwa sababu nilikuwa nafunga kamba nyuma. Waliyatazama yale mabomba yangu mapya, wakaona mti wa kubebea mzigo, kama ule ambao wanaume wawili huuweka begani. Wakachukua kamba za migomba wakafunga matita ya nyasi kwa urefu wote wa bomba, pande zote mbili, vizuri kabisa, kazi ya watu wanaojua kufunga. Nilipokuja mbele, mmoja akaniambia, "Mwenye gari, tumekuongezea mabawa." Nikacheka. Nikaona ni wepesi wa akili. Tukaondoka, wanawake wakitufuata kwa miguu.

Pale mwambani gari lilikuwa zito na nyasi za juu ya mwamba zilikuwa bado zimeloa umande. Tairi iliteleza mahali pale pale. Gari likashuka kwa ubavu, Mama akashika dumu lake kwa mikono miwili, na nikasikia sauti tofauti na ya siku ile. Ilikuwa kama kengele iliyopigwa mara moja, chuma kwenye jiwe. Tulikuwa tumekaa juu ya bomba. Nilingoja kidogo, nikaongeza mafuta taratibu, gari likateleza juu ya mwamba kwa bomba lake, likasogea, likasogea, tairi ikashika udongo. Tukashuka ng'ambo. Nilimtazama kaka kupitia kioo. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anatazama alama nyeupe kwenye jiwe.

Halafu nikamwona anakimbia.

Sikuwa nimenusa chochote. Ekzosi ya gari langu, ile njia ya moshi, inapita upande wa kushoto, upande wa Mama, ndani kidogo ya bomba, na yale matita yalikuwa yamesukumwa na jiwe hadi yakaigusa. Nyasi za ndani ya matita zilikuwa kavu. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa Mama. Kaka alifika na viatu vyake vya ngozi, akashika kitasa, akavuta kwa nguvu ya mtu anayetegemea kupambana, na mlango ukafunguka kwa mara moja, mwepesi, hata akarudi nyuma nusura aanguke.

"Shuka, Mama. Shuka."

"Nashuka. Sogea basi, tata, umenizibia njia."

Alishuka na dumu lake. Hakukimbia. Alilifungua, akainama kwa mwili mzima kwa sababu ya ile shingo, akamwaga juisi yote iliyobaki juu ya moshi, huku mimi nakata kamba za migomba kwa panga na wanawake wanarusha udongo kwa mikono. Ulizimika kabla haujawa moto wa kutaja. Gari lilinukia ndizi zilizoungua kwa siku nyingi.

Tulikaa juu ya nyasi wote. Mmoja wa wale wanawake akasema kwa sauti ndogo, "Mabawa yametuponza." Hakuna aliyecheka sana.

Kaka ndiye aliyeanza. "Mama, umeona mwenyewe. Leo ni moshi."

"Nimeona. Na wewe mlango umeuona?"

Kaka aliugeukia mlango, bado uko wazi.

"Nimewasikia ninyi wawili tangu ile Jumapili," Mama akasema. "Wewe unasema gari likishindwa nihamie kwako. Huyu anasema likifaulu nibaki. Kile kipande ni cha nani, hata mkiwekee masharti mimi nikimenya ndizi? Mliniuliza? Mara ya kwanza kuja huku nilikuja kwa miguu, wewe ukiwa tumboni. Gari likipita nitapanda. Lisipopita nitatembea, hata kama ni kwa kupumzika kila mahali. Mjini nitakuja kukutembelea, unipikie, kisha unirudishe."

Mimi nilikuwa tayari kushangilia, akanigeukia na mimi. "Na wewe usitabasamu. Usifunge vitu vyangu siku yoyote bila kuniuliza. Nilisikia na hilo."

Kaka akainuka, akaokota tita moja katika yale tuliyoyakata, akaliweka kichwani. Lilikaa upande. Wanawake wakamwambia mjini wamemsahaulisha shingo yake, na mmoja akaja kumrekebishia. Alilibeba hadi nyumbani, mbele ya gari, na nyasi zikawa zinamdondokea kwenye kola. Hakusema tena habari ya chumba. Mama alipanda njugu mawe zake msimu ule, na misimu iliyofuata, na mlango ule ule ndio anaopandia.

Nilirudi Muleba nikakata kipande cha bati, nikakifunga kati ya ekzosi na bomba, na sasa nikifika rweya nasema kabla ya salamu: upande wa kushoto hakifungwi kitu. Lakini kuna jambo jingine nililikuta asubuhi ya kesho yake, nilipolala tena chini ya gari. Nati kadhaa zilikuwa zimelegea, si kwa ubaya wa kazi, ila chuma kipya kikishabeba uzito kwa mara ya kwanza hujikalisha mahali pake.

Kwa hiyo ukishapita mawe yako ya kwanza, usingoje usikie mlio. Liegeshe gari mahali tambarare, zima injini, acha ekzosi ipoe, chukua spana uliyofungia, lala chini, anza na mguu wa mbele hadi wa nyuma, pande zote mbili, ukaze kila nati upya.